Fundi Asiyefunguliwa

Kwa kila fundi mwanamke wa mji wa Kpalime kuna picha moja ukutani. Ingia kwa mshonaji, ingia kwa msusi, utaikuta ni ile ile: msichana aliyevaa nguo nyeupe amepiga magoti, uso na nywele zimejaa poda kama aliyeangukia gunia la unga, na mama aliyemfundisha kazi amemwekea mkono kichwani. Hiyo ni picha ya siku ya kufunguliwa. Kabla ya siku hiyo mwanagenzi ni mwanagenzi tu, hata kama anajua kushona koti amefumba macho. Picha hutiwa fremu na kutundikwa juu ya cherehani ya kwanza, na mteja mgeni huitazama kabla hajatoa kitambaa chake kwenye mfuko.

Kwa Akpene, juu ya cherehani ya kwanza palikuwa na msumari, na kwenye msumari palikuwa na kalenda ya kanisa.

Alikuwa akiibadilisha kila Januari kwa miaka ishirini na minne. Wanagenzi wake waliamini picha iko nyumbani chumbani kwake. Wateja waliamini imeliwa na mchwa, kwa sababu aliwahi kumwambia hivyo mmoja wao, na neno likishatoka halina mwenyewe. Ukweli aliujua yeye peke yake. Akpene, fundi wa magauni ya harusi, aliyewafungua wasichana kumi na mmoja kwa mkono wake mwenyewe, hakuwahi kufunguliwa na mtu.

Kazi alijifunza katika mji jirani wa Adeta, kwa Mama Esenam, mwanamke mwenye mkasi mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, miaka mitatu. Miaka mitatu ilipotimia, mama yake Akpene alinunua vitu vyote vinavyotakiwa: chupa mbili za sodabi, ile pombe kali ya mchikichi, sabuni, poda, kitambaa cheupe na jogoo mwekundu. Mama Esenam akasema, baada ya Pasaka. Pasaka ikapita na oda zake. Akasema, baada ya sikukuu ya viazi vikuu. Viazi vikuu vikaliwa, vikaisha. Akasema, baada ya Krismasi. Sodabi ikanywewa na wajomba, na yule jogoo akazeeka, akaota makucha, akawa anapiga watoto wa jirani, mpaka mama akamchinja kwa hasira. Alichemka tangu asubuhi hadi jioni na bado walimtafuna kwa zamu.

Januari moja Akpene alifika kazini mapema, akafagia kama kawaida, akaweka mkasi wa Mama Esenam mezani, akaondoka na utepe wake wa kupimia shingoni. Hakuaga. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa na haki yake, lakini kwetu mtu akiondoka bila kuwekewa mkono kichwani, mikono yake huhesabiwa kuwa bado iko kwa mwalimu wake. Kwa hiyo kila sindano iliyomkatikia, kila kitambaa kilichoungua kwa pasi ya mkaa, Akpene alijua kimeungua kwa sababu gani. Hakukanyaga tena soko la Adeta, ingawa vifungo na zipu vya kule ni bei nafuu. Alinunua ghali mjini na kunyamaza.

Basi siku moja ya Novemba, Dzifa akaacha mguu wa cherehani ukapumzika, akasema bila kuinua macho, "Mama, mjomba anauliza siku yangu."

Dzifa alikuwa mkubwa wa wanagenzi wake wanne, msichana wa miaka ishirini na moja, mpole, na mkono wake wa kukata kola haukuwa na mfano mtaa mzima. Akpene mwenyewe alikuwa ameshaacha kukata kola.

"Siku gani?"

"Ya kufunguliwa. Tulisema Agosti."

"Agosti hukuona zile harusi tatu? Tungefunguana saa ngapi?" Akpene alikuwa na pini nne mdomoni na aliongea akizipita pembeni. "Na sasa ni oda za Krismasi. Mwambie mjomba, baada ya Krismasi."

"Ameshanunua jogoo, Mama."

"Jogoo ana haraka ya kwenda wapi?"

Wale wadogo watatu wakacheka. Dzifa akatabasamu kidogo, akarudi kwenye kola yake. Nyani haoni kundule, na siku hiyo Akpene hakuona chochote ila gauni lililokuwa mbele yake.

Mkutano wa mafundi wa wilaya ulifanyika Alhamisi ya wiki ile ile. Delali ndiye aliyemburuta. Delali alikuwa msusi wa duka la pili kutoka kwake, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kufukuza mbuzi, na kwake yeye mkutano wowote wenye viti na soda ulikuwa sherehe. Walikaa mstari wa nyuma, katikati ya mafundi seremala, mafundi magari, wasusi na washonaji wa wilaya nzima.

Bwana Agbeko wa ofisi ya mafundi alisimama na karatasi zake. Alikuwa kijana bado, shati limepigwa pasi hadi linang'aa, na alieleza kanuni mpya kama mtu aliyelala nazo. Makubaliano ya mdomo yamekwisha. Kila mwanagenzi awe na mkataba ulioandikwa, uliotiwa sahihi na fundi, mzazi na mwanagenzi mwenyewe. Awe na siku ya kupumzika kila wiki. Akiumia kazini, matibabu ni juu ya fundi. Asitumwe kutwanga viazi vikuu vya fufu nyumbani kwa fundi saa za kazi.

Hapo ukumbi mzima ulikohoa.

"Na fufu tutatwangiwa na nani?" akauliza mwanamke mmoja wa mbele.

"Na mume wako, Mama," akasema Agbeko, na watu wakacheka mpaka yeye mwenyewe akainamisha uso.

Akaendelea. Mkataba lazima uwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Fundi magari mmoja, mzee mwenye mafuta hadi kwenye nyusi, akainua mkono. "Tarehe ya kuisha mimi naijuaje? Wengine vichwa vizito. Mtu anaiva akiiva."

"Ndiyo maana mtoto wa dada yangu anaiva kwako mwaka wa saba," sauti ikasema nyuma.

"Mkataba usio na mwisho si mkataba," akasema Agbeko, "ni ndoa."

"Ndoa za siku hizi zinaisha mapema zaidi," akasema Delali, na ukumbi ukachukua muda kutulia.

Agbeko akangoja. Kisha akasema yale mawili ambayo Akpene alikwenda nayo nyumbani. La kwanza, mwanagenzi akibaki hata siku moja baada ya tarehe yake ya kuisha, huyo si mwanagenzi tena, ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana mshahara. La pili, mkataba hautapigwa mhuri mpaka fundi aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ni fundi. Alete cheti chake cha kufunguliwa. Asiye na cheti, alete fomu iliyojazwa na aliyemfundisha, kwa mkono wake, yenye tarehe ya kufunguliwa.

"Na kama cheti kimepotea?" Akpene alisikia sauti ikiuliza, akagundua ni yake.

"Fomu, Mama. Mwalimu wako ajaze. Tarehe iwe ya zamani, iwe ya jana, hilo si kitu, mradi itufikie kabla ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo duka linabaki duka, lakini mwenyewe haruhusiwi kufundisha, na wanagenzi wake hawaandikishwi mtihani wa wilaya."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Njiani Delali alipiga domo peke yake hadi kwenye kona ya mwuza koliko, ndipo akagundua mwenzake hajajibu neno tangu ukumbini. Akanunua koliko, viazi vikuu vya kukaanga, kwenye gazeti, akamketisha kwenye benchi.

"Shoga, unaumwa?"

Mficha uchi hazai, na Akpene alikuwa amechoka kuficha. Akamwambia yote, kuanzia miaka mitatu ya mdomo hadi utepe shingoni, na jogoo akamtia pia.

Delali alimaliza kutafuna kiazi chake.

"Kwa hiyo mchwa hawakula picha."

"Hawakula."

"Nami niliwapulizia dawa ukuta mzima kwa ajili yako." Akacheka, halafu akaona machozi ya Akpene, akaacha. "Sikiliza. Yuko hai huyo mama?"

"Yuko hai. Nasikia macho yamefifia."

"Basi tatizo lako ni safari ya pikipiki na magoti mawili. Umenitisha. Nilidhani umeua mtu."

"Atanifukuza, Delali. Atanitangaza Adeta nzima. Wale wasichana wanne nitawaambia nini? Wazazi wao waliniletea nikiwa fundi."

"Akikufukuza tutarudi, tutatafuta la kufanya. Ila hutakwenda peke yako. Mtu haombi radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi nitasema, wewe utanyamaza. Najua ni mimi ndiye nisiyejua kunyamaza, lakini ndiyo hivyo."

Walikwenda Jumanne. Akpene alivaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe, akabeba chupa mbili za sodabi, sabuni na kopo la poda, kama msichana. Kitambaa cheupe alikikunja chini kabisa ya mfuko, maana kukionyesha mapema ni kujipa jibu kabla hujaulizwa. Jogoo hakununua. Aliona aibu kupanda pikipiki na jogoo kwa umri ule.

Mama Esenam walimkuta barazani, anabangua karanga kwenye ungo. Alikuwa amekonda, lakini kidevu kilikuwa kile kile, kimeinuka. Mjukuu wake wa kike alileta viti, kisha maji kwenye kata. Wakanywa, wakamwaga kidogo chini, wakashukuru.

"Hapa kwetu ni salama," akasema Mama Esenam. "Sisi tumekaa tu. Ninyi ndio wenye safari."

Delali akasafisha koo. Kwa mara ya kwanza tangu Akpene amjue, alisema polepole na kwa adabu. Alisema amemleta mtoto aliyepotea njia. Alisema mtoto huyo aliondoka nyumba hii asubuhi moja bila kuaga, na miaka yote hiyo hakulala vizuri. Leo amekuja kuomba radhi, na pia kuna karatasi ya serikali, hataki kuificha. Jina la mtoto ni Akpene.

Karanga ziliendelea kupasuka. Moja, mbili, tatu.

"Simjui," akasema Mama Esenam.

Akpene akashika mfuko wake tayari kusimama, lakini Delali alimkanyaga mguu.

"Nilikuwa na Akpene mmoja," Mama Esenam akaendelea, "lakini yule nilimfungua. Muulizeni mtu yeyote hapa Adeta. Waliponiuliza, yule binti wa kola nzuri yuko wapi, niliwaambia, nimemfungua, ameenda kufungua duka lake Kpalime. Mlitaka niseme nini? Kwamba mwanagenzi wangu bora kanikimbia?" Akatupa ganda pembeni. "Niliwaambia hata sodabi ilikuwa nzuri."

Delali alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa, akageuza kikohozi. Akpene hakucheka. Aliwaza juu ya soko la Adeta, miaka yote aliyolizunguka kama kaburi, na kumbe ndani yake kila mtu alikuwa akimhesabu fundi halali aliyeondoka kwa heshima.

"Sogea," akasema Mama Esenam.

Akpene akasogea. Mama Esenam akamshika bega, akashuka na mkono hadi kwenye kwapa la gauni, akapapasa mshono kwa kidole gumba. Akapita kwenye kola. Akainama, akashika pindo, akaligeuza upande wa ndani, akalisoma kwa vidole inchi kwa inchi.

"Nani kakata hii kola?"

Akpene alitaka kusema ni yeye. Lilikuwa neno dogo. "Mwanagenzi wangu," akasema. "Anaitwa Dzifa."

"Ana mkono kuliko wewe. Kwapa ni lako, linavuta kidogo, siku zote ulikuwa mvivu wa makwapa. Pindo ni langu." Akaliachia. "Pindo hili nilikufundisha mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Huyo Dzifa umemfungua?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Kuna oda za Krismasi," akasema Akpene, na maneno yalipokuwa bado mdomoni aliyasikia. Yalikuwa yanatoka kinywani mwake kwa sauti yake, lakini aliyajua yametoka wapi.

Mama Esenam alichukua karanga nyingine. Alipoanza kusema hakumtazama, alitazama ungo wake.

"Sikukudanganya hata siku moja. Watu hudhani nilikudanganya. Pasaka oda zilikuwepo. Viazi vikuu oda zilikuwepo. Kila nilipokuambia baada ya fulani, ilikuwa kweli. Nilikuwa nalala nikihesabu magauni na kila gauni lilikuwa na kola, na kola zilikuwa zako. Nikajiambia, mwezi mmoja tu. Ulipoondoka niliziharibu nguo sita wiki hiyo hiyo. Nilikasirika mwaka mzima. Mwaka wa pili nikaona aibu. Tangu hapo ni aibu tu, hasira ilikwisha zamani, nilingoja uje nikuambie, hukuja."

"Niliogopa."

"Na mimi niliogopa kuja. Kpalime si mbali." Akafuta mikono kwenye kanga. "Lete hiyo karatasi ya serikali."

Akpene aliitoa. Mjukuu akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka pale penye tarehe ya kufunguliwa.

Delali akawa mwepesi. "Hapo andika ile ya zamani, Mama. Miaka ishirini na minne. Si ndiyo Adeta nzima inavyojua?"

"Adeta niliidanganya kwa mdomo. Kwa mkono sitadanganya." Mama Esenam akageukia mlango. "Nenda kaniletee stuli ndogo. Na wewe, poda umeleta, nasikia harufu yake kwenye mfuko. Na kitambaa?"

"Nimeleta."

"Basi jifunge. Piga magoti."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Akpene aliinama. Alikuwa na miaka arobaini na sita na magoti yalilia yote mawili, hata mjukuu akasikia. Alijifunga kitambaa cheupe juu ya gauni la kijani. Majirani wawili waliokuwa wakipita walisimama kwenye ua, na hakuna aliyewafukuza. Mama Esenam akamwaga sodabi kidogo ardhini, akawataja waliomfundisha yeye na waliowafundisha wale, majina ambayo Akpene aliyasikia kwa mara ya mwisho akiwa msichana. Kisha akaweka mkono kichwani pake.

Ulikuwa mkono mwepesi, mkavu, wenye harufu ya karanga.

"Mikono yako nakurudishia," akasema. "Ilikuwa kwangu muda mrefu mno. Kata, kisikatike kisichotakiwa. Shona, kisifumuke. Ukifundisha, wakuzidi. Nilikuchelewesha, unisamehe. Uliondoka bila kuaga, nimekusamehe. Inuka ukiwa fundi."

Akammwagia poda. Akamwaga tena, kwa sababu hakuona vizuri ni kiasi gani kimeshamwagika, na kopo lilikuwa jipya. Delali, aliyekuwa amezisuka nywele zile Jumamosi kwa saa nne, aliguna kwa uchungu, lakini alikuwa ameshatoa simu na kupiga picha. Akpene alilia, na machozi yakachora mistari miwili kwenye poda. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Alijisikia kama aliyetua ndoo ya maji baada ya njia ndefu, shingo inapogundua yenyewe kwamba inaweza kugeuka.

Mama Esenam aliandika tarehe ya siku ile kwa herufi kubwa zilizopanda mlima, akatia sahihi, akaomba apewe chakula, maana kufungua mtu kunatia njaa. Walikula akume, ugali wa mahindi, na mchuzi wa mboga za majani, na kabla ya kuondoka Akpene alipita sokoni Adeta akanunua vifungo dazeni kumi. Hakuvihitaji.

Bwana Agbeko alipoipokea fomu aliitazama tarehe, akamtazama Akpene, akaitazama tena.

"Mama, hii ni ya jana."

"Ulisema hata iwe ya jana."

"Nilisema." Akakuna shingo. "Kumi na mmoja umeshawafungua kabla wewe hujafunguliwa?"

"Walikuwa na haraka," akasema Akpene.

Agbeko akacheka, akapuliza mhuri wake, akaugonga. Akampa fomu nne za mikataba, moja ya kila mwanagenzi, na akamwambia azirudishe zimejazwa.

Asubuhi iliyofuata, wanagenzi walipofika, kalenda ya kanisa ilikuwa imehamia ukuta wa mlangoni. Kwenye msumari palikuwa na picha kwenye fremu: mwanamke mzima, magoti chini, uso mweupe wenye mistari miwili, na kwenye pembe ya picha yenyewe, kubwa na lenye giza, dole gumba la Delali. Wale wadogo watatu walicheka mpaka wakaketi sakafuni. Akpene aliwaeleza yote bila kuacha kitu, hata mchwa. Walipomaliza kucheka walimtazama kwa namna mpya, na haikuwa ya dharau kama alivyoiogopa miaka yote ile. Mmoja akauliza kama magoti yaliuma.

"Yaliuma," akasema. "Haya, kazini. Dzifa, njoo hapa."

Akaziweka fomu juu ya meza ya kukatia, akachukua ile ya kwanza. Aliandika mwenyewe, polepole, ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa shule. Jina la mwanagenzi. Jina la fundi. Tarehe ya kuanza, Agosti, miaka mitatu iliyopita. Akafika kwenye tarehe ya kuisha, kalamu ikasimama. Nyuma yake zilining'inia nguo kumi na saba za Krismasi, na kila moja ilikuwa na kola. Alizihesabu bila kugeuka. Kisha akaandika, akamsogezea Dzifa karatasi.

Dzifa aliisoma mara mbili.

"Mama, tarehe hii imeshapita."

"Najua."

"Imepita miezi mitatu."

"Najua, Dzifa. Hiyo miezi mitatu ulikuwa mfanyakazi, na mimi nilikuita mwanagenzi. Nitakulipa, sheria inasema, na hata isingesema." Akaweka kalamu chini. "Unisamehe. Nilikuwa na oda."

Dzifa aliishika karatasi kwa mikono miwili, kwenye kingo, asije akaichafua.

"Kwa hiyo lini?"

"Jumamosi hii. Mwambie mjomba wako."

"Na oda za Krismasi?"

"Ukitaka kunisaidia, Jumatatu utaingia kwa mlango ule kama fundi, na utanitajia bei yako. Usipotaka, nitakata kola zangu mwenyewe. Niliwahi kujua."

Dzifa alianza kucheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa kipande cha kitenge kilichokuwa mezani, kitambaa cha mteja, na Akpene hakusema kitu.

"Mama," akasema alipopata sauti, "ila kuna yule jogoo. Yuko tangu Agosti. Amekuwa mkali, anapiga watoto."

Akpene aliinua uso kutazama msumari wake, kisha akamtazama msichana.

"Mwambie mjomba amlete hivyo hivyo," akasema. "Tutambandika jikoni kuanzia Ijumaa."